Fundi Aliyeuliza Njia

Hapa Palma kuna maswali ambayo mtu mwenye akili zake hayaulizi. Hayaulizi sokoni, hayaulizi msibani, na hata mumeo akichelewa kurudi humuulizi mbele za watu. La kwanza ni "Unapita wapi?" Fundi mmoja wa magari aliliuliza kila kukicha, kwa sauti, spana mkononi, kabla hata salamu hazijaisha. Watu waliingia gereji kwake wametulia na kutoka wanafuta jasho.

Tulimwita Fundi wa Difu. Alikotoka sikujui na sitajifanya nakujua. Kila mtu alikuwa na hadithi yake, na zote zilisimuliwa kwa kunong'ona. Watu wa pwani walisema huyu ni wa bara, watu wa bara walisema ni wa pwani. Gereji aliifunga Ijumaa, akaifunga na Jumapili. Ungedhani mtu kama huyo atapendwa na pande zote mbili. Pande zote mbili zilimtazama kwa jicho la pembeni, na jicho langu lilikuwemo.

Kwa asiyejua magari niseme kwanza difu ni nini. Ni lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Difu ya kawaida ina ujinga wake. Gurudumu moja likikosa pa kushika, nguvu yote inakimbilia huko huko, likazunguka bure kama feni, na la pili lililosimama pazuri likabaki linatazama tu. Kwenye njia zetu, pikapu ya namna hiyo ikizama inageuka banda la kuku. Fundi alikuwa na dawa mbili. Moja ni kufuli, ambalo linayalazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja, yapende yasipende. Nyingine ni difu ya visahani, ambayo haifungi kabisa, inabana kiasi kwa msuguano wa visahani vilivyomo ndani. Ipi inakufaa wewe, hilo hawezi kulijua mpaka ajue unapita wapi.

Hapo ndipo mashaka yetu yalipoanza. Tangu vita vifike huku, njia ya mtu ndiyo roho yake. Kuna wenye bunduki wa huku na wenye bunduki wa kule, na wote wangefurahi kujua ni nani anapita wapi, lini, na amebeba nini. Kama yule mzee alikuwa anaziuza njia zetu, tungefia humo humo.

Mimi na mdogo wangu Saidi tulikuwa na pikapu kuukuu. Yeye dereva, mimi wa mizigo na maneno. Mama yetu alikuwa amekataa kuhama kijiji chake kidogo cha wavuvi, ng'ambo ya Ghuba ya Tungue, kijiji ambacho hata leo sikitaji jina. Tulimpelekea unga, tukarudi na samaki wakavu, na siku mambo yakiharibika kabisa gari hilo ndilo lingemtoa. Njia ya kufika kwake haikuwa barabara. Ilipita kwenye mchanga, ikaingia mikokoni, ikavuka kijito wakati maji ya bahari yametoka. Walioijua walikuwa wachache, na nilitaka wabaki hivyo hivyo.

Siku tulipompelekea fundi gari, Saidi alianza kwa bashasha zake. "Entau, haya basi mekaniku, tufungie kitu cha maana huko nyuma."

"Mnapita wapi?"

Saidi akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Mute," nikasema.

"Mute tu?"

"Mute na kurudi."

Mzee alinitazama mimi, akayatazama magurudumu, akanirudia tena. "Ya Mute ni estrada, mwanangu. Barabara kubwa kabisa. Haina nchanga wa kumtesa ntu."

"Pengine mvua inanyesha."

"Haya. Pengine mvua inanyesha."

Nilikuja kugundua baadaye kwamba karibu kila mwenye gari alimjibu hivyo hivyo. Mute iko kwenye barabara kuu, ni kijiji cha wakulima, mtu anakwenda kununua muhogo wake, nani atamlaumu? Kwa maneno tuliyompa yule mzee, Palma nzima ilikwenda Mute asubuhi na kurudi jioni, na njia nyingine zote zilikuwa zimeota majani.

Alitufungia visahani. Wakati anafunga alirudia maneno yale yale mpaka nikachoka kuyasikia. "Kwa Mute, visahani vinatosha. Ungekuwa unapita kwingine ningesema mengine. Lakini wewe unapita Mute." Alipokuwa anamkabidhi Saidi ufunguo akamshika mkono. "Gurudumu moja likining'inia, visahani havina cha kubana. Vuta hendibreki nusu, kanyaga mafuta taratibu. Unaidanganya difu kwamba gurudumu limeshika."

"Huko Mute gurudumu litaning'inia wapi?" nikamuuliza kwa ukali.

"Pengine mvua inanyesha," akasema.

Mambo yake mengine hayakusaidia kumsafisha. Ukimtajia njia ya kweli, na wapo vijana wachache waliojisahau wakamtajia, kesho yake ungemkuta huko kwa miguu, peke yake, anadungadunga ardhi kwa fimbo. Anainama, anachota mchanga, anausugua viganjani, anatema mate juu yake, anaufinyanga. Kisha anatia kidogo kwenye kopo la maziwa na kurudi nalo mjini. Makopo hayo aliyapanga kwenye rafu, juu ya vyuma vyake, bila alama yoyote. Alijua mwenyewe lipi ni la wapi. Mwenyewe alisema anapima kama ardhi ile inazamisha magurudumu yote sawasawa, ambapo visahani vitafaa, au ina mashimo na mizizi ya kuning'iniza gurudumu moja, ambapo bila kufuli hutoki. Yaelekea alisema kweli. Lakini mama muuza maandazi aliyekaa mkabala na gereji aliniambia kwa uchungu, "Dada, ntu anakusanya nchanga wa njia za wenzake, huyo ana wema gani?" Mimi pia kila nilipoyatazama yale makopo niliona ramani.

Na simu alikuwa nazo mbili. Moja aliitundika msumarini na sikuwahi kuisikia ikilia. Nyingine ikilia alitoka nayo nje, akaenda mpaka kwenye ukuta wa jirani, akaongea ameupa mgongo mji mzima. Siku moja nilijifanya natafuta kivuli nikasogea. Alikuwa anabishana na mtu kuhusu oili. Sikuamini kwamba ni oili kweli.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe hakumwamini mtu. Difu zilizotumika zikiletwa kutoka ng'ambo, muuzaji akaapa kwamba hii ni ya visahani, mzee alikuwa anaifungua kifuniko, anachovya kidole kwenye oili, ananusa, kisha anaisugua juani kutafuta vumbi la chuma. Hakuridhika. Anaifunga kwenye gari, ananyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, anaweka gia huru, anazungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, hiyo ni difu ya kawaida na muuzaji ni mwongo. Likifuata upande ule ule, ni ya visahani, na muuzaji ni mwongo bado, ila siku hiyo ameteleza. Zana zake alizifungia kwenye sanduku, ufunguo shingoni. Chai alijichemshia mwenyewe. Ukimletea habari yoyote, iwe ya kifo iwe ya bei ya mafuta, swali lake lilikuwa "Kakwambia nani?"

Kufuli la kitufe, lile unalolifunga na kulifungua kwa swichi iliyo karibu na usukani, hakupenda kuwapa vijana. Alisema kijana akiwa na kitufe lazima atakibonyeza. Tulimcheka mpaka siku ya harusi moja hapa mjini, dereva wa pikapu ya bibi harusi alipotoka mchangani akasahau kulifungua. Kwenye kona ya msikiti gari likakataa kukata kona. Gurudumu la ndani na la nje yamefungwa pamoja, yanataka kwenda mbele tu, matairi yanalia, bibi harusi analia, na gari likaenda moja kwa moja likapanda meza ya vitunguu. Hakuumia mtu. Mzee alipita pale akatazama, akaokota kitunguu kilichobingirika mpaka miguuni pake, akamrudishia mwenyewe, akaenda zake. Watu wakauliza alijuaje kupita pale saa ile ile. Hivyo ndivyo tulivyokuwa; angekwenda kuoga tungeuliza maji kayatoa wapi.

Sasa nisimulie ya kijitoni. Tulikuwa tumetoka kwa mama, nyuma tuna akina mama wa kijijini na magunia ya samaki. Tulichelewa kupakia, na tulipofika kwenye kijito maji yalikuwa yameanza kurudi. Saidi akasema tutawahi. Katikati, gurudumu la nyuma la kushoto likaingia pengo kati ya mizizi, likabaki hewani. Saidi akakanyaga mafuta. Lile la hewani likazunguka kwa hasira, likaturushia matope, na la kulia halikusogea hata kidogo. Maji yakafika kwenye rimu. Saidi akaitukana difu, kisha akamtukana fundi. Mimi nilikuwa natazama mikoko, maana mngurumo wa injini pale unasikika mbali, na sikujua ni nani anausikia. Moyoni nilikuwa na wazo moja tu, kwamba yule mzee ametufungia visahani makusudi ili tukwame hapa. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kisha Saidi akakumbuka hendibreki. Akawaambia akina mama wote wajazane kona ya kushoto, juu ya gurudumu lililoning'inia, akavuta hendibreki nusu, akakanyaga mafuta kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Gari likatikisika, likanung'unika, la kulia likashika. Tukatoka. Akina mama wakapiga vigelegele, nikawanyamazisha kwa mkono.

Kesho yake nilikwenda gereji kugombana. Hakunipa nafasi. Aliingia chini ya gari na kijiti, nikasikia anakwangua, akatoka akafungua kiganja changu, akaniwekea konokono. Konokono wa mikokoni, mweusi, mrefu, bado mbichi.

"Mute siku hizi imepata bahari," akasema.

Hasira zote zikaniganda. Saidi akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Kama ulijua," nikamwambia, "kwa nini hukutufungia kufuli?"

Alitazama kwanza langoni. "Kwa sababu ulisema Mute. Gari la Mute lina kitufe cha kufuli la nini? Ntu akichungulia ndani tu, pale kwenye kizuizi cha barabara au kokote, anajua hili huiacha barabara. Atakuuliza linatokea wapi. Utamwambia nini? Visahani vimo ndani ya chuma, havionekani, havisemi."

"Na sisi tuzame?"

"Nilimwambia huyu habari ya hendibreki."

Akatuwekea aina ya tatu, ambayo hakuwa ameitaja kabla, kufuli la kujifunga lenyewe, lisilo na kitufe wala waya. Kazi yake nzuri, ila kwenye kona linagonga, ka, ka, ka, kama gari lina kifafa. "Wakiuliza," akamwambia Saidi, "sema beringi inakufa." Tukaiuguza beringi hiyo kwa miaka, na hakuna aliyetushuku.

Mtu mwingine angerudi nyumbani amemwamini. Mimi nilirudi na hofu zaidi. Kumbe hakuhitaji kuambiwa. Njia zetu alizisoma chini ya magari yetu, kwenye matope, kwenye majani yaliyonasa, kwenye kutu ya chumvi. Uongo wetu wote ule ulikuwa kazi bure. Kichwani mwake alikuwa na njia ya kila gari la mji huu, yangu ikiwemo, na mama yangu mwishoni mwa njia hiyo.

Na yeye akaanza kuogopa. Asubuhi moja alitoa makopo yote rafuni, akayamwaga nje karibu na lango, mchanga wa njia zote kwenye fungu moja, akalikoroga kwa sepetu kama anayechanganya zege. Mji mzima ulijua kabla ya adhuhuri. Muuza maandazi akasema, "Umeona? Anafuta ushahidi." Alipoyaweka alikuwa mpelelezi, alipoyamwaga akawa mpelelezi aliyeshtuka.

Halafu akatoweka. Tulikuta lango wazi, pikapu ya mtu imeinuliwa juu ya magogo, spana zimepangwa kwenye kitambaa. Waliosema amekwenda kwa mabwana zake walikuwa wengi, na sikuwabishia. Tulikaa muda bila kuvuka kijito. Unga ulipomwishia mama tukavuka, mimi nasoma kila dua ninayoijua. Hakukuwa na mtu. Tukavuka tena, hakukuwa na mtu. Hilo nalo halikunituliza sana.

Nilimwona tena mwaka huu. Pikapu ile ilikuwa imekwisha choka, tukawa tumepata nyingine, na siku hiyo, kwa kweli kabisa ya Mungu, tulikuwa tumekwenda Mute kununua muhogo. Nilikuwa nachagua kwenye mafungu ya muuzaji mmoja kando ya barabara nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kumbe kweli unakuja Mute."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya baiskeli iliyopinduliwa. Amekonda, mvi zimejaa. Siku hizi anaziba pancha. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia, nikaona anavyoshika tairi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki.

"Tulisikia umehama," nikasema.

"Sikuhama. Walinichukua." Hakusema ni akina nani, nami sikumuuliza. "Walitaka njia. Si dunia nzima inajua huyu mzee anauliza njia?"

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia." Aliendelea kukwangua mpira kwa msasa. "Niliwaambia yote mliyoniambia. Yule wa pikapu nyeupe anapita wapi? Mute. Yule wa mbao? Mute. Huyu mama wa samaki na mdogo wake? Mute. Mwanzo walicheka. Wakanambia, mzee, mji mzima hauwezi kupita Mute. Nikawaambia nendeni mkawaulize wenyewe. Halafu hawakucheka tena."

Nilitaka kuushika ule mkono, nikaogopa, kwa sababu kwenye benchi la duka walikuwa wamekaa wanaume nisiowajua. Nilimwonea huruma. Na ndani ya huruma hiyo hiyo kulikuwa na kitu kidogo kinauliza: mtu anatokaje hai mikononi mwa watu wale kama hakuwapa kitu? Sikuwa na shahidi zaidi yake mwenyewe, na vidole vyake.

Aliinua macho akalitazama gari letu jipya, upande wa nyuma, chini, kama alivyozoea. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Difu bado ya kawaida hiyo," akasema. "Linapita wapi?"

Wanaume wa benchi hawakugeuka. Saidi alikuwa anakuja na gunia begani. Mzee alingoja, na nilijua kwamba ningemwambia njia ya kijitoni angenieleza vizuri kuliko fundi yeyote gari lile linataka nini, na pengine siku moja hilo ndilo lingemwokoa mama.

"Mute," nikasema. Tulikuwa tumesimama Mute.

Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka.

"Vizuri, mwanangu. Usije ukanambia lingine."

Nilimwachia fungu la muhogo, tukaondoka. Tulipokaribia Palma Saidi akauliza, "Entau, kesho kwa mama tunavuka pale pale?" Nikamwambia hapana, tutazunguka kwa juu. Akanitazama. Njiani nilikuwa nimemsimulia yote, na machozi yangu alikuwa ameyaona. Nilimwamini yule mzee. Nilimwamini pale pale barabarani, na bado namwamini. Mpaka leo hatujavuka tena kile kijito. Njia ya juu ni ndefu, samaki wanaharibika, na mama huniuliza kwa nini siku hizi tunachelewa hivi. Namwambia tulipitia Mute.